Nilisema "Hakunisikia", Wakamtenga

Mwenye kosa ni mimi, tusizungushane. Nimechoka kulibeba. Nina miaka hamsini na kitu, magoti yanalia nikipanda kilima, na bado kila Jumapili nakaa kanisani kama mtu safi. Safi wapi!

Sisi tunakaa mlimani, juu ya mji wa Morogoro, tunalima karoti na kabichi. Kanisa letu ni dogo, la bati, watu tunajuana kwa vilemba. Mimi ni mzee wa kanisa. Na alikuwepo mama mmoja, nitamwita Mama Oliva, mwalimu wetu wa kwaya na rafiki wa mke wangu. Misiba yote ya mlima huu aliimba yeye.

Miaka minne iliyopita ikaja habari kwamba ameonekana kwao, upande wa Matombo, kwenye makaburi ya ukoo, wazee wakimwaga pombe na unga kuomba mizimu. Mwalimu wa kwaya kwenye tambiko! Kikao cha wazee kikawaka moto. Nikapewa mimi kazi ya kumwendea.

Utaratibu wetu hata watoto wanaujua. Kwanza mmoja aende peke yake, wazungumze wawili tu. Asiposikia, arudi na wenzake wawili. Akikataa tena, kanisa lote liambiwe, na asipotubu anaondolewa kwenye ushirika.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kwake ni mwinuko mkali wa tope jekundu. Halafu moyoni nilikuwa na kinyongo naye. Cha nini? Cha kijinga kabisa! Wiki chache nyuma alisimamisha mazoezi ya kwaya akaniambia mbele ya watu, "Baba Stela, hiyo besi unaiimba au unaiburuza?" Watu wakacheka, mke wangu naye akacheka. Mimi pia nilicheka, lakini niliumia.

Basi nikapanda mpaka kwenye migomba yake, chini ya nyumba. Nikapiga hodi moja, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kukaribishwa. Ya pili sikupiga, wala ya tatu. Nikageuka nikashuka.

Kikaoni wakaniuliza, "Umemwendea?"

"Nimekwenda," nikajibu. "Hakunisikia."

Jamani, neno moja tu! Nilijiambia sijadanganya: nimepiga hodi, hakusikia, basi. Lakini nilijua wenzangu wataelewa nini. Walielewa kwamba nimemwonya akakataa, nami nikawaacha waelewe hivyo.

Wiki iliyofuata tukaenda watatu. Mama Oliva akatuamkia, akatutolea viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Wazee wangu, mwenye neno na mimi alitakiwa aje kwanza peke yake. Akija, nitamweleza yote."

Mwenzangu mmoja akashangaa. "Kwani Baba Stela si alikuja?"

"Nilikuja," nikasema. "Hakunisikia."

Akanitazama. Akanitazama muda mrefu, mimi nikawa nakwangua tope kwenye buti. Kisha akainuka akaingia ndani. Wenzangu wakasema hicho ni kiburi, na Jumapili jina lake likasomwa mbele ya kanisa. Mtu asishirikiane naye, mtu asile naye, mpaka atubu.

Atubu nini, masikini? Ukweli niliusikia baadaye kwa mke wangu. Siku ile ukoo ulikuwa unagawa mashamba. Kwetu Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na asiyefika hana fungu. Alikwenda, akakaa mbali chini ya miti mpaka tambiko likaisha, akaonyeshwa shamba lake, akarudi. Hayo yote angenieleza kwa kikombe kimoja cha chai. Na mimi bado nikakaa kimya!

Mwaka uliofuata mama yake mzazi akafariki, pale pale kwa binti yake. Majirani wachache walikwenda. Sisi wa kanisani hatukwenda. Msiba, ndugu zangu, hatukwenda!

Nilikuwa kwenye karoti, ng'ambo ya kijito, nikamsikia anaimba. Aliimba peke yake, sauti ya kwanza tupu, hakuna wa kumpokea. Alipofika mahali ambapo besi huingia, akanyamaza kidogo, akaendelea. Mke wangu alikuwa ameinama tuta la pili. Akaweka jembe chini akaniambia, "Hapo ni pako hapo."

Tangu siku ile mke wangu ameacha kwaya. Nyumbani tunazungumza habari za mbolea na chumvi tu. Tunapakua, tunakula, tunalala.

Mwezi uliopita nilishindwa, nikapanda tena ule mwinuko. Safari hii nilipiga hodi tatu. Akanikaribisha, akanipa kigoda na chai ya mchaichai. Nikaanza: "Mama Oliva, siku ile nilipiga hodi moja tu. Hukunisikia, nami nikaenda kuwaambia..."

Akanikatiza. "Nilikusikia. Nilikuwa nafunga khanga nitoke. Nilipotoka ulishafika kwenye mgomba wa mwisho. Nikakuita, 'Baba Stela, karibu!' Nikakuita mara mbili. Wewe ulinisikia?"

Hata hapa nilitaka kuwaficha hili. Nilisikia! Mara zote mbili nilisikia, nikaongeza mwendo.

"Nilisikia," nikamwambia. "Sasa mbona hukuniumbua mbele ya wale wazee?"

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nimengoja miaka minne, baba."

Nililia, sioni aibu kusema. Nikaomba msamaha. Yeye hakulia. Akaniongezea chai, akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini utaratibu si unaujua? Kwangu umekuja peke yako, na nimekusikia. Wamebaki wale wawili, halafu kanisa."

Wale wawili nimeshawaendea. Mmoja kaniambia, "Mzee mwenzangu, yameshapita hayo, unataka tuchekwe?" Mwingine aliinamisha kichwa tu. Limebaki kanisa, na Jumapili hii nasimama. Wakinitenga, wamefanya haki. Nilimuuliza Mama Oliva kama atarudi kufundisha kwaya, akasema hajui, sauti yake imezoea kuwa peke yake. Hilo ndilo linalonimaliza.

Wewe unayesoma hapa, kama umetumwa kumwonya mwenzako, usiishie kwenye migomba. Kama una kinyongo naye, sema, atumwe mwingine. Fika mlangoni, piga hodi zote tatu. Na ukiitwa, ndugu yangu, geuka.