Fundi wa Redio Tuliyemwita Mwivi

Yule fundi wa redio wa mtaa wa Langoni tumemzika Jumanne baada ya adhuhuri, na wasomaji wangu mniwie radhi, leo sina upole. Nimerudi makaburini na hasira. Jeneza lake liligombewa mabega, na nusu ya waliogombea ni wale wale waliokuwa wakipita mbele ya duka lake bila ya kumpa salamu. Mtu alidhulumiwa jina lake mchana kweupe, katika mji wa watu wasiokosa sala, na hakuna aliyeona haya.

Wasiomjua niwaeleze. Baada ya alasiri nilikuwa na kawaida ya kukaa dukani kwake kupiga soga. Redio hizi zilizotuingilia tangu vita vimalizike, zinazokula betri ya gari, ndani zina kisanduku cha kupokea nguvu ya betri na kuigawa, na hapo ndipo penye maradhi mengi. Bwana mmoja mwenye majumba alileta yake ikiwa kimya, inanuka moto. Fundi akaifungua, akatuonyesha rezista, kijiti kidogo cha kupunguza umeme, kimekuwa mkaa mtupu. Akakibadilisha, redio ikasema. Haikukaa ikarudi, kijiti kile kile kimeungua. Akapima huku na huku asione pengine penye ubaya, akatia kipya, ikasema dukani kutwa mpaka majirani wakanung'unika. Ikapelekwa kwao, ikarudi tena imekufa. Fundi mwengine angelitia kijiti kinene akanyamaza. Yeye hataki. Alikuwa akisema kilichoungua mara nyingi si chenye kosa, kimepigwa tu. Kosa litafutwe lilipo.

"Bwana," akamwambia, "hapa kwangu yasema, kwako yafa. Nipeleke niione ikaapo."

Yule bwana akamtazama juu mpaka chini. "Wataka kuiona redio, au wataka kuwaona watu wangu wa ndani?" Kisha akatugeukia tuliokaa. "Huyu hutoa kizima akatia kibovu, nimrudie kila siku. Mwivi!"

Watu wakacheka. Astaghfirullah, wakacheka! Fundi akaitengeneza tena, akairudisha, lakini neno lilikwisha kutoka. Kila aliyewahi kuharibikiwa na redio akajikumbusha kuwa naye aliibiwa. Redio zikawa zinafungwa magunia kupelekwa Mombasa, na yeye akabaki na majiko ya stovu na taa za karabai. Hata kwa hizo mwenye chombo akimsimamia kichwani, macho hayabanduki mikononi mwake. Redio ya yule bwana nayo ikapona, akatamba barazani kuwa amepata fundi mwaminifu Mombasa. Nikamwuliza fundi, rafiki yangu, mbona hajitetei. "Redio ya bwana yasema?" akaniuliza. Nikamwambia yasema. "Basi." Nilimkasirikia kwa ubaridi ule.

Sasa sikieni. Pale kaburini imamu alituomba aliyekosewa na marehemu amsamehe. Bwana yule akajitokeza mbele, akapaza sauti: "Mimi alinidhulumu, lakini nimemsamehe." Watu wakamwambia Mungu atamlipa! Habari hizo zikafika matangani, upande wa wanawake, alikokuwa mke wa bwana huyo. Mke wangu alikuwapo, ndiye aliyenieleza. Bi yule aliinuka, akasema: "Msamaha si wake kuutoa."

Akawasimulia. Siku moja, redio imerudi kutoka kwa fundi, mumewe yuko shambani Kililana, alimwona fundi akipita, akamwita kutoka nyuma ya mlango. Fundi akasimama njiani, mgongo ameupa mlango.

"Redio i wapi, Bi?"

"I kidakani, ukutani. Imeingia barabara, hata kidole hakipiti."

"Na juu yake?"

"Nimeivika kitambaa cha kutarizi, isipate vumbi."

"Iwashe, ingoje, kisha tia mkono nyuma."

Akatia. "Subhanallah! Yachoma!"

"Basi ivue nguo, Bi, uiweke mezani ipate pumzi."

Haikuungua tena. Redio Mombasa haikufika, hata Shela hapa jirani haikwenda. Mumewe aliporudi Bi akamweleza yote, naye mume akamkataza kabisa kuyasema: watu wasije wakajua kuwa mkewe husemezana na mafundi mlangoni. Fundi naye, pale pale mlangoni, alikwisha kumwahidi Bi hatamtaja, na akafa na ahadi yake.

Nauliza, heshima gani hii ya kujengwa kwa kubomoa ya mwenzio? Sisi twanunua vyombo vya kigeni, twaviweka penye sahani za kale, twavipamba kama bibi harusi. Hilo si kosa, ni ugeni tu, na mgeni hufundishwa. Lakini kumwita mtu mwivi mbele ya watu, ukweli unaujua, na kuendelea hivyo mpaka kaburini, ni uchafu wa roho. Na uchafu huo haukuwa wa mtu mmoja, maana neno lake lingekufa pale pale lau lisingelipata wa kucheka.

Leo nimepita barazani. Kila mtu ati alikuwa akijua siku zote kuwa fundi hakuiba. Mlijua, mkanyamaza? Mtu akituhumiwa mbele yenu, mwulizeni mwenyewe, hapo hapo, angali ana ulimi wa kujibu. Huyu wetu hajibu tena. Mamake yu hai, na tangu Jumanne hakuna hata mmoja katika waliocheka aliyekwenda kumwambia: mwanao hakuwa mwivi.