Kitufe cha Jani na Mlima wa Mau

Dada yangu alinunua pikapu kubwa kuliko nyumba tulimozaliwa. Sitii chumvi sana. Nyuma ina magurudumu mawili mawili kila upande, injini yake ya dizeli inanguruma mpaka kuku wa jirani wanasahau kutaga, na ikiegeshwa uani asubuhi, jua hufika jikoni saa nne. Tunaishi Mau Narok, ambako viazi ndivyo hutulisha na kutuvisha, na pikapu ililetwa kwa ajili ya viazi. Kabla yake, dada alikuwa akimngoja dalali aje na lori siku apendayo, ashonee kila gunia kilemba hadi gunia moja libebe karibu ya mawili, kisha ataje bei huku akitazama mawingu. Mvua ikitangulia, viazi vinaozea langoni. Pikapu ilipofika, dalali alianza kutusalimia kwa adabu.

Dereva ni mimi.

Shida ilikuwa dizeli. Pikapu ile ilikuwa ikinywa kama ndama aliyeshinda kutwa mbali na mamake. Shemeji yangu, mume wa dada, hulima ngano na huongea kama mtu anayelipia kila neno. Alivumilia, akavumilia, hata siku moja kwenye chai akasema, "Kuna mtu wa Gilgil, anauza nyasi kavu. Anataka hiyo gari. Kama haiwezi kupunguza kunywa, iende."

Dada aliweka kikombe chini. "Iende, halafu mimi nirudi kungoja dalali?"

"Ama ipunguze."

Ndipo dada akakumbuka jani. Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya jani dogo. Ukikibonyeza, taa ya kijani inawaka na neno eko linatokea, maana yake gari limeingia katika hali ya kubana mafuta.

"Si hiyo ndiyo kazi yake?" dada akauliza. "Tujaribu."

"Hiyo ni taa ya Krismasi," shemeji akasema.

Hapo nikaona siku yangu imewadia. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na mvi, kwa masomo ya jioni, nimeketi kwenye dawati ambalo mchana lilikaliwa na mtoto mdogo, magoti yangu yakikaribia masikio. Katika masomo yote nilipenda fizikia, nayo haikunichukia sana. Nikasimama kabisa, nikawaeleza. Tunajaza tangi hadi shingoni. Tunaendesha. Tunajaza tena hadi shingoni, na kinachoingia ndicho kilichonywewa. Safari moja na eko, nyingine bila eko. Barabara ileile, dereva yuleyule. Shemeji akaitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ni hotuba.

Basi nikapakia viazi, nikajaza tangi, nikawasha jani, nikateremka. Nikapita Njoro wanafunzi wakivuka barabara bila haraka, mpaka Nakuru. Kwenye kituo cha petroli mhudumu akachomeka bomba, likakohoa kidogo, likanyamaza.

Akanitazama. "Boss, kwani ulikuja ukisukuma?"

Nikashusha viazi sokoni, nikazima jani, nikarudi nyumbani gari likiwa tupu. Nilipojaza Mau Narok, pampu iliimba beti zote na kiitikio.

Niliingia uani nikipiga honi kama bwana harusi. Na mzigo, eko imekunywa kijiko! Bila mzigo, bila eko, pipa! Shemeji akavua kofia, akaitazama kama ndiyo iliyomdanganya.

"Basi nimeshindwa," akasema. "Nitamwambia mtu wa Gilgil asije."

Dada alikuwa ameshinda. Alichobakiza ni kumimina chai tu. Lakini alisimama na birika mkononi, ameukunja uso.

"Kijana wa mama," akaniita, "ukiwa na eko ulikuwa unashuka ama unapanda?"

"Nashuka."

"Na bila eko?"

"Napanda."

Dada akaweka birika chini.

"Aki wewe," akasema. "Hata kabati ya mama ingeshuka Mau bila dizeli."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, hata kwenye harusi yake, ambako nilikula kwa bidii lakini nilikuwa nikitazama. Jioni, tukiwa uani, nilimuuliza dada mbona hakunyamaza.

"Gari ni yangu," akasema. "Sitaki ikae hapa kwa uongo, halafu kila tukijaza mafuta nishindwe kumwangalia mume wangu usoni."

Tukaanza upya. Sasa ilikuwa kushuka na viazi na kupanda na mbolea, mzunguko mmoja jani likiwaka na mwingine likiwa limezimwa. Shemeji na dada wakaja, tukajaa ndani ya kabini kama watu wanaoenda kuposa.

Kushuka hakukuwa na neno. Sokoni Nakuru, kabla sijafungua nyuma, wanawake wa vibanda walikuwa wameshatuzunguka, wakimwita dada kama mama yao. "Mathe, leo umeleta zile nyekundu?" "Mathe, usiwape wote, mimi ndio wa kwanza!" Dada alitaja bei yake akiwa amesimama wima, na hakuna aliyetazama mawingu. Shemeji alikuwa kando, amekumbatia gunia, amesahau kuliweka chini.

"Kumbe dalali alikuwa anatukula hivi," akasema.

Kupanda na mbolea ndiko kulikoamua. Eko huifanya injini iwe mvivu. Unakanyaga mafuta, nayo inafikiri kwanza, kama karani aliyeombwa muhuri wakati wa chakula cha mchana. Tulipoacha Njoro na mlima kuanza kusimama, trekta lilitupita, na dereva wake akatupungia mkono kwa huruma. Nikakanyaga hadi sakafuni.

"Sasa si hiyo ni ile ile?" shemeji akauliza. "Inakunyima, wewe unachukua kwa nguvu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mizunguko yote miwili ilipokwisha, tofauti ilikuwa ndogo mno, hata mimi sikuweza kuikuza. Baadaye dada aliendesha mwenyewe kwenda na kurudi, gari tupu, jani likiwaka, na hapo dizeli ikapungua kidogo. Lakini dada huendesha kama aliyebeba mayai, kwa hiyo sijui nilishukuru jani ama mguu wake.

Jumamosi mtu wa Gilgil akaja, maana baada ya kosa langu hakuna aliyemwambia asije. Aliizunguka pikapu, akaipiga magurudumu teke, akachungulia dashibodi.

"Na hii eko, inapunguza mafuta?"

Dada alikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo begani. Akamtazama mumewe. Shemeji akakohoa, kisha akatoa maneno mengi kuliko ya mwaka mzima.

"Ukiwa mtupu, barabara tambarare, mguu mwepesi, inapunguza kidogo. Ukibeba mzigo ukipanda, hakuna kitu. Na nyasi ukizirundika juu zitashika upepo, zikuvute nyuma kama mwavuli."

"Mzee," yule mtu akasema, "unauza ama unanifukuza?"

Shemeji akageuka kuelekea jikoni. "Muulize mwenyewe. Gari ni yake."

"Karibu chai," dada akamwambia. "Na viazi vya kubeba nitakupa. Lakini gari haiendi."

Alikunywa vikombe vitatu, akaondoka na viazi, wala hakukasirika.

Tangu hapo tumeng'oa vyuma vizito vilivyokuwa juu ya karieli ya mizigo, tunapima upepo wa magurudumu kabla ya kupakia, nami nafundishwa kuendesha kama niliyebeba mayai. Dizeli bado inanywewa, ila si kwa aibu. Tukianza kushuka Mau, shemeji, ambaye sasa hakosi safari ya soko, hunyoosha kidole na kuliwasha jani mwenyewe.

"Wacha tu liwake," husema. "Kushuka linaweza."