Mamba Mwenye Miwani ya Kamba

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mtoto mwoga hukimbia na jino lake bovu, na jino halimwachi njiani.

Saa tatu asubuhi, msichana wa miaka sita amejibanza chini ya meza ya mapokezi ya kliniki ya meno, shavu limevimba kama puto. Ameshatoroka mara mbili. Bibi yake ameambiwa kuwa leo akitoroka tena atalazwa hospitali kubwa, maana usaha umeanza kusambaa.

Mhudumu wa mapokezi hamwiti. Anaketi sakafuni, anamsogezea kitabu.

Hapa wanamwita Mama Kurasa. Alianza kama mfagiaji miaka tisa iliyopita, akachoka kuona watoto wakikokotwa mlangoni kama mbuzi. Vitabu vyake, sitini na viwili hadi sasa, hushonwa kwa uzi kutokana na kalenda zilizopitwa na wakati, akichorea upande mweupe. Utaratibu ni mmoja: mtoto huchora anachokiogopa ukurasa wa kwanza, yeye huchora kurasa za kati, na wa mwisho hubaki mtupu mpaka mtoto ashuke kwenye kiti. Mchoro wa mtoto haurekebishwi hata nukta.

"Hofu ukiificha inanenepa," anasema. "Ukiichora, inakaa kwenye karatasi, mnatazamana."

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza. Wiki iliyopita, kabla ya kutimua mbio, msichana huyu alichora mamba mwenye upara na miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba. Daktari wa meno ana upara. Miwani yake huning'inia kwa kamba. Mama Kurasa akaongeza kurasa za mamba huyo akiumwa jino na kuogopa kupanua kinywa, akakiweka kitabu rafuni. Daktari alikikuta mikononi mwa wagonjwa wakicheka, akataka aombwe radhi mbele ya wafanyakazi wote.

Sasa ndiye anayetokea mlangoni. Msichana anamtazama, anatazama mamba wake kitabuni, anamtazama tena.

"Babu Mamba," anasema, "panua wewe kwanza."

Bibi anajifunika uso kwa mtandio. Daktari anasita, kisha anachuchumaa, miwani ikibembea, anapanua. Msichana anachungulia kwa uzito wa mtu aliyesomea.

"Una tundu. Kule nyuma."

Kicheko kinaanzia kwa bibi, kinaishia kwa daktari mwenyewe. Msichana anapanda kitini kwa miguu yake. Ganzi inashika, nusu saa baadaye jino liko kwenye pamba, na ukurasa wa mwisho unachorwa: mamba na msichana, vinywa wazi, wameshikana mikono.

Mama Kurasa anapanga kushona nakala kumi za kitabu hicho, azipeleke shule ya chekechea ya jirani kabla muhula haujaisha. Daktari, akifuta miwani, anamkumbusha kwamba ile radhi bado hajaisikia.

"Utangoja sana, daktari," anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake ya kushonea. "Upara nimeukuta, sikuuleta mimi. Radhi siombi."