Mukhwana wa Pili

Mwaka 2006, Waithera alikuwa mpimaji wa programu za kompyuta mjini Kitale. Programu ya kuandikisha watoto wa chanjo ilikuwa imefaulu majaribio yake yote, ikabaki yeye aitie saini ndipo ianze kutumika. Kwanza aliipeleka kwenye zahanati moja karibu na Kimilili.

Muuguzi Sellah aliandika jina, Mukhwana Wabwile. Kompyuta ikakataa, ikionyesha kwamba mtoto huyo alikuwa ameshaandikishwa.

"Huyu ni mwingine, bana, akina Wabwile hapa ni wengi," Sellah alisema. "Kwetu pacha wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba. Si hata nyinyi mnapea watoto majina ya nyanya?"

Waithera na binamu zake watatu waliitwa jina la nyanya yao. Hata hivyo, katika majaribio alikuwa amempa kila mtoto jina lisilofanana na la mwingine, na hakuelewa ni kwa nini.

Mchana, mkuu wake wa kazi, Bwana Gathii, alipiga simu kuuliza kama ametia saini.

"Bado," alijibu.

"Unahitaji siku ngapi?"

Waithera alitazama foleni ya akina mama. Kisha akamwomba Sellah daftari la majina ya watoto, ayatumie katika majaribio mapya.