Muziki Niliomwekea Mama Mdogo

Mimi ndiye niliyesababisha mama yangu mdogo aonekane mchawi, na wala sikufungua mdomo. Nilitumia kompyuta, kinanda na mashine ya kusaga.

Kazi yangu ni kuweka sauti kwenye filamu na tamthilia. Nina chumba kimoja Soweto, hapa Mbeya, nimekibandika magodoro ukutani ili makelele ya mtaani yasiingie, na humo ndimo ninamowatishia watu. Msinidharau. Mwigizaji anaweza kulia mpaka kamasi zimtoke na mtazamaji akaendelea kutafuna karanga zake. Niache mimi niweke mngurumo mzito pale chini, wa taratibu, usio na mdundo, uone kama hizo karanga zitamezwa. Watu husema wanaogopa wanachokiona. Uongo mtupu. Wanaogopa wanachokisikia, halafu macho ndiyo yanasingiziwa.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyenizaa, alikuwa akiishi Ilomba, hapahapa mjini. Mhehe wa Iringa, mjane, Mlutheri wa benchi la mbele, na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Kina mama waliokwenda sokoni walimwachia watoto wao asubuhi, naye akawapikia uji, akawafuta kamasi, akawagombeza kwa Kihehe. Watoto wake mwenyewe wana miji yao huko mbali, hawaji. Hao wa jirani ndio waliokuwa maisha yake, na siku za Jumapili, wasipoletwa, alikuwa akilalamika kwamba nyumba inamzomea.

Basi tukapata tamthilia. Hadithi ilikuwa ya familia ambayo watoto wanaugua mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayejua nani anawaroga. Mwongozaji alitaka ua wa nyumba ya kawaida, na mimi na kiherehere changu nikasema, "Twende kwa mama mdogo." Alitupokea kwa chai na viazi. Tukamwomba apite tu uani na beseni la majani ya maboga, asiseme kitu. Akapita. Katikati akasimama akageukia kamera, maana alidhani tumemwita. Hiyo ndiyo sinema yote aliyowahi kucheza.

Tulipokuja kuhariri, sehemu ya pili ilikuwa imepoa kama ugali wa jana. Mchawi halisi wa hadithi alikuwa baba mkubwa wa familia ile, lakini huyo angefichuliwa mwishoni huko. Mwongozaji akaniambia, "Kaka, fanya namna. Hapa watu watasinzia." Nikafanya namna. Nilikuwa nimerekodi mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Nikaipunguza kasi mpaka ikanguruma kama mtu anayegumia ndani ya pipa, juu yake nikaweka noti moja ya chini kabisa ya kinanda, nikaiacha iburuzike. Huo mngurumo nikaulaza chini ya mama mdogo tangu anapotokea mlangoni, na pale anapogeuka, nikakata kila kitu. Kimya. Macho mekundu tu. Mwongozaji aliruka kwenye kiti. "Hapo umeua!" akasema, na mimi nikacheka na kujipongeza.

Tamthilia ikarushwa mtandaoni, Ilomba nzima ikaitazama kwenye simu. Siku chache baadaye nilikwenda kumsalimia mama mdogo, na nilipofika kwenye kona ya kwake nikasikia watoto wanauimba muziki wangu. "Mmmmmm," kwa sauti nzito, halafu wananyamaza ghafla, palepale nilipokata mimi. Jamani, nilivyofurahi! Nilisimama pale nikichekacheka peke yangu kama bwana harusi. Wangapi wamewahi kusikia kazi yao ikiimbwa barabarani? Halafu nikaona wanamwimbia nani. Mama mdogo alikuwa anatoka dukani na pakiti ya chumvi mkononi. Alipogeuka kuwatazama, wakatimua mbio kwa mayowe, na wawili kati yao ni watoto aliokuwa akiwanywesha uji kwa mkono wake.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi huu wimbo wa hawa watoto ni wa nini? Kila nikipita wao mmm, mmm."

Simu yake ilikuwa ya kitochi, ile tamthilia hakuwa ameiona hata mara moja. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema. "Ni wa kwenye tamthilia tu," nikajibu. "Watasahau."

Hawakusahau. Hakuna aliyemtolea neno baya, watu wetu wana adabu zao. Mama mmoja alisema amepata dada wa kazi. Mwingine akasema bibi wa mtoto amekuja kutoka Tukuyu, atakaa naye. Wa tatu hakusema chochote, aliacha tu kumleta. Kabinti ka mwisho, kasiko na hata miaka mitatu, kaliangua kilio mama mdogo alipoinama kukabeba, na mama yake akakarudisha mgongoni akiomba radhi huku anarudi kinyumenyume. Mama mdogo alinisimulia hayo kwa kucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, nami nikaendelea kula viazi vyake.

Nilijua, wala nisijitetee. Nyumba zenyewe zilikuwa saba au nane tu, ningezimaliza kwa mchana mmoja nikiwaeleza kwamba ule ni muziki wangu tu. Lakini mwongozaji hakutaka baba mkubwa afichuliwe mapema, watu walikuwa wananisifia ule mngurumo, na mimi, mjinga mkubwa, sifa nazipenda. Nikajidanganya kwamba yatapita yenyewe. La kuvunda halina ubani. Mama mdogo akafunga mizigo, akasema anakwenda Iringa kupumzika kidogo, na ile nyumba ya Ilomba ikapata mpangaji mwingine.

Nilimfuata baada ya miezi kadhaa, usingizi ukiwa umenikimbia. Nilimkuta barazani kwenye nyumba ya wazazi wake, jua la alasiri likimpiga miguuni, anapukuchua maharage. Nilipiga magoti nikamweleza yote, mashine, kinanda, mpaka ile furaha yangu ya kwenye kona. Alinisikiliza bila kuacha maharage yake.

"Nionyeshe," akasema.

Nikafungua kompyuta. Mngurumo ulipoingia, mikono yake ikasimama. Yule mwanamke wa kwenye kioo alipogeuka na kila kitu kikakatika, mama mdogo alishtuka, akavuta khanga mpaka shingoni. "Yesu wangu!" akasema. "Huyu mama anatisha." Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimemfanya ajiogope mwenyewe.

Nikauondoa muziki haraka, nikarudisha picha mwanzo. Safari hii zikasikika sauti za siku ile, kuku, kandambili zake zikipiga chini, jirani akimwita mtu. Akapita na beseni lake. Akasimama, akatazama.

"Ee, ndiyo mimi huyo!" Alicheka kweli sasa, akanipiga begani. "Hebu ona nilivyochoka. Na majani ya maboga yenyewe yalikuwa mazuri siku hiyo. Rudia."

Nikarudia. Alitazama mpaka mwisho, na kicheko kikamwisha polepole.

"Hii isiyo na mngurumo umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu siku ileile tuliyopiga, mama."

"Na kule Ilomba ulimwonyesha nani?"

Nilitazama chini. "Sikumwonyesha mtu."

Akatikisa kichwa kidogo, akainuka na beseni la maharage, akaingia ndani kuwasha moto. Nilibaki barazani nimepiga magoti, nikisubiri aniite niingie.