Jumamosi Ni ya Watu

Siku niliyowaambia watu wa nyumbani kwamba nataka kurudi chuo, mume wangu aliuliza chuo gani, wanangu wawili wa kiume wakauliza nani atapika, na mama yangu akauliza siku gani. Swali la mama ndilo lililokuwa na akili, na ndilo nililolipuuza.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa stashahada kwenye wodi ya wazazi ya kituo kimoja cha afya hapa mjini Tanga. Nilikuwa nimezalisha watoto wengi wa mtaa wetu wa Makorora, na baadhi yao sasa wana ndevu na wananipita njiani bila hata salamu. Nilitaka kuwa msimamizi wa wodi, na msimamizi sharti awe na shahada. Nikapiga hesabu nikaona nisipoharakisha nitakuja kusimamiwa na mtu niliyemkata kitovu mwenyewe. Kuacha kazi sikuweza, basi kilichobaki ni kusoma mwisho wa wiki.

"Jumamosi na Jumapili," nikamjibu mama.

Mama akaweka kikombe chini. "Jumamosi ni ya watu," akasema.

Maana yake niliijua. Huku kwetu Jumamosi si siku ya mapumziko. Ni siku ya arusi, na pasipo arusi pana hitma ya marehemu, na kikundi chetu cha akina mama wa mtaani ndicho kinachopika. Unakwenda kwa mwenzio naye anakuja kwako. Usipokwenda huendewi, na siku yako ikifika utalitazama sufuria la pilau peke yako, nalo likikutazama. Kwenye kikundi kila nyumba ina kazi yake, na kazi ya nyumba yetu ni vitunguu. Zamani vilikuwa vya mama. Baba alipofariki, na magoti ya mama yalipoanza kulalamika, nilimwambia akae apumzike, nikawa nakwenda mimi.

"Shughuli ni watu," mama akaendelea. "Siku n'takayokufa mie, atakuja nani? Huyo mwalimu wako wa Jumamosi?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba hafi mtu hapa. Lakini nilitishika kwelikweli. Nilitaka shahada, na nilitaka mlango wetu uendelee kujaa viatu vya watu, na sikuona ni vipi nitapata vyote viwili.

Mwenzangu wa kutafuta chuo alikuwa muuguzi wa zamu yangu, Msambaa wa kutoka milimani, Mlutheri wa kwaya, sauti ya pili. Taabu yake yeye ilikuwa Jumapili. Mume wangu alipotusikia tukilalamika, mmoja kwa Jumamosi na mwingine kwa Jumapili, alishauri tutafute chuo cha Jumanne. Hakuchekewa.

Tulianza na chuo kimoja cha Usagara, ghorofani, juu ya duka la rangi. Kijana wa mapokezi alikuwa na tai ndefu na subira fupi. Akatueleza kwamba vipindi ni Jumamosi na Jumapili, asubuhi mpaka jioni, na mafunzo kwa vitendo tutayafanyia kwenye wodi zetu wenyewe, mwalimu atakuja kutukagua hukohuko.

"Jumapili asubuhi?" mwenzangu akauliza. "Na Mungu je?"

"Mungu anaelewa, mama."

"Mungu anaelewa. Kwaya haielewi."

Niliomba tuchungulie darasa. Tukamkuta mwalimu mwanamke, jasho linamtiririka, anafundisha habari za figo kana kwamba figo zenyewe zimeibwa na mwizi yumo humo darasani. Hakuna aliyesinzia. Nilipapenda palepale, na kwa kupapenda nikakasirika, kwa sababu Jumamosi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimetoroka arusi.

Cha pili kilikuwa upande wa Muheza, njia ya kupandia Amani, pazuri mpaka unajisikia vibaya kuuliza maswali. Miti, upepo, maua yamepandwa kwa mstari. Huko walisoma Ijumaa mchana na Jumamosi, Jumapili mtu yuko huru, na mwenzangu akaanza kutembea kama mtu aliyeshahamia. Nikamuuliza mkuu wa masomo walimu wako wapi.

"Wanakuja," akasema.

"Wangapi?"

"Wanakuja, dada."

Nikauliza kama chuo kimesajiliwa. Akasema usajili uko njiani. Mimi ni mkunga. Nimeshapokea wanawake wengi waliofika na kanga na beseni na mashangazi wawili, mtoto eti yuko njiani, kumbe bado wiki tatu. Nikamshika mwenzangu mkono tukarudi Tanga, yeye akigeuka nyuma kuyatazama maua.

Cha tatu hakikuwa mahali popote. Kilikuwa kwenye simu. Vipindi jioni, siku za kazi, mwanafunzi yuko kwake. Niliona hapa nimeshinda: Jumamosi yangu nabaki nayo na digrii naipata. Wakaturuhusu kuhudhuria kipindi kimoja cha majaribio. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai sebuleni, nikavaa gauni la heshima, chini nimevaa kanga, nikaketi.

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza mada ya siku hiyo, mama akapita nyuma yangu na sahani. Akaona uso wa mwanamume kwenye simu. Mama hapiti mbele ya mgeni bila kumsabahi, hata mgeni awe na ukubwa wa kiganja. Akainama.

"Hodi mwanangu, hujambo?"

Mwalimu, kijana mwenye adabu zake, akaacha kufundisha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoka wapi?"

Mwalimu akasema kwao ni Korogwe. Mama akasema Korogwe anapajua, alikuwa na shoga yake Korogwe, akamtaja huyo shoga na mumewe na mume aliyetangulia. Kufikia hapo wanafunzi wengine nao wakaona aibu kukaa kimya mbele ya mtu mzima. Wa kwanza akafungua sauti yake, "Shikamoo, mama." Wa pili naye. Wakafuatana, darasa zima, kutoka Mwanza, Mtwara, Singida, na kila mmoja mama alimwitikia marahaba yake kamili na kumuuliza kwao wazima. Aliyechelewa kuingia alisikia shikamoo zinapigwa naye akatoa yake. Nilinong'ona, "Mama, basi," naye akanijibu kwa sauti niache roho mbaya, watu wanamsalimu. Kipindi kiliisha tukiwa bado kwenye hali za watoto wa mtu wa Mtwara.

Mama alifurahi siku nzima ya pili. Akaniuliza, "Wale wenzio wanarudi lini?"

Hawakurudi. Nilikikataa chuo cha simu, na si kwa sababu ya mama. Nilipouliza mafunzo kwa vitendo watayafanyaje, waliniambia kuna video. Nikawaambia kuzalisha si kama kusuka mkeka, huwezi kusitisha ukarudia hapo ulipokosea.

Basi kilibaki cha Usagara. Mwenzangu akaelewana na kwaya yake awe anaimba ibada ya kwanza ya alfajiri na kuja chuoni akitokea hukohuko, na Jumapili nyingi alisoma figo akiwa na joho la kwaya, analitumia kujipangusia jasho. Mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye alizishika kwa meno. Mimi wangu wa kuelewana naye alikuwa mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye kifua kipana na sauti ya kumwita mtoto kutoka mtaa wa tatu. Nilimwendea arusini, yuko juu ya sufuria na mwiko.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nataka kusoma. Jumamosi sitakuwepo kwa miaka mitatu."

Akanitazama. Wote wakanitazama. Visu vikanyamaza.

"Kusoma ni heri," akasema. "Hatukukatazi. Lakini hapa hatuhesabu mtu, tunahesabu nyumba. Nyumba yenu itamleta nani?"

Sikuwa na binti. Mume wangu huku kwa wanawake hakai. Nikasema nitatafuta mtu nimlipe, na hapo hapo nikajua nimekosea, maana wanawake walicheka cheko ambalo si la kufurahi. Mtu wa kulipwa kwenye shughuli za wenzio! Mwenyekiti akasema tu, "Ukisusa wenzio twala," akarudi kwenye pilau lake.

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mama, nikamwambia basi, chuo nakiacha. Mama akakunja mkeka wake.

"Nitakwenda mie," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamtajia magoti, nikamtajia presha, nikamtajia moshi. Nilizungumza naye kama ninavyozungumza na wagonjwa wanaotaka kwenda nyumbani kabla ya wakati. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza arusi ya Jumamosi sare ni kanga gani.

Jumamosi ya kwanza chuoni sikusoma kitu. Mwalimu alisema moyo, nikafikiria moyo wa mama. Wakati wa mapumziko nikapiga simu yake. Akapokea mwanamke nisiyemfahamu, nyuma yake makelele na vigelegele.

"Naomba kuongea na mama."

"Yuko kazini, hawezi kuongea," akajibu, akakata.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ameshaletwa kwa bajaji, amekaa barazani na bakuli la pilau mapajani, ananuka vitunguu kutoka kichwani hadi miguuni. Akalalamikia magoti yake kwa raha kubwa. Akaniambia vitunguu walikuwa wanavikata vibaya miaka yote hii, sijui nani aliwafundisha. Aliyekuwa akiwasimamia ni mimi.

Ikawa hivyo. Mimi nikaenda kwa figo, mama akaenda kwa watu. Arusi za miezi ijayo alikuwa nazo kichwani zote, na ukitaka kujua nani kamposa nani ulimuuliza yeye. Jioni ya Jumanne mtu anabisha hodi, natoka, ananiuliza, "Mama yupo?" naye ananipita kana kwamba mimi ni mpita njia. Viatu vilijaa mlangoni. Presha yake nilikuwa naipima kila wiki, na ilikuwa ileile, haikushuka kwa muujiza. Ila dawa alizimeza bila ugomvi, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kuwahi.

Muhula ulipokwisha tukapata Jumamosi ya wazi. Nikafunga sare yangu, nikabeba kisu changu, nikatangulia arusini mapema kwa hamu ya mtu anayerudi kwenye kiti chake. Kwenye kiti changu, kigoda cha vitunguu, alikuwa mama, kumbe ametoka nyumbani kabla sijaamka, mabinti wanne wamemzunguka. Wanawake waliponiona wakanishangilia, wakanipa soda. Wakaniletea kiti cha plastiki na kuniketisha upande wa wageni.

Mwenyekiti akanijia mbio na mwiko wake. "Hujaja kumchukua mama?"

"Nimekuja kusaidia."

Akashusha pumzi. Wakaniruhusu kitunguu kimoja. Mama akakichukua nilichokikata, akakiinua kwenye mwanga, akawaonyesha mabinti jinsi kitunguu kisivyotakiwa kuwa. Nilifurahi, na niliona wivu, na sijui kipi kilizidi.

Tulirudi kwa miguu, polepole, mama kanishika mkono. Nikaona ndiyo nafasi ya kumwambia neno jema.

"Mama, ahsante. Vumilia kidogo tu. Nikimaliza hii digrii nitarudi kwenye vitunguu mwenyewe, wewe upumzike."

Mama akasimama. Nikadhani ni goti. Nikamtazama usoni, nikaona hofu ileile niliyokuwa nayo mimi siku ile mwenyekiti aliponiuliza nyumba yetu itamleta nani.

"Mwanangu," akasema, "toka babako afe nimepumzika. Nimechoka kupumzika."

Nimesomea kumtunza mtu, na nilikuwa nikimtunza: mto mgongoni, chai isiyo na sukari, mlango umerudishwa ili asisumbuliwe na watu. Tulisimama hapo, watu wanatupita, wanamsalimu yeye.

"Hiyo digrii yako," akauliza baadaye, "ikiisha hakuna nyingine?"

"Ipo, mama. Ya uzamili."

"Yasomwa siku gani?"

"Nayo ni Jumamosi."

"Si nyie mwasema elimu haina mwisho?" akasema, akaniachia mkono, akatangulia.