Kaka, Hakimu na Kapu la Langilangi

Nilimchongea kaka yangu mbele ya hakimu kwa sababu nilitaka watu wacheke. Nimelisema hilo kwanza, nisije nikalipamba huko mbele.

Kaka huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Alitoka kisiwa cha Nosy Be kuja kwetu Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, kutafuta kazi, na tangu siku aliyoingia mimi nikawa kama mgeni katika nyumba ya mama yangu. Ukoko wa wali, wake. Kitanda cha dirishani, chake. Mimi naitwa "we mtoto". Yeye anaitwa "baba". Akikohoa anachemshiwa tangawizi. Mimi niliwahi kukohoa wiki nzima nikaambiwa niache mchezo.

Basi msimamizi wa ghala la ngozi, alikofanya kazi kaka, akavunjika jino. Yeye alisema kasukumwa na kaka. Wachukuzi wawili walisema kateleza kwenye maji yanayochuruzika kutoka kwenye ngozi. Mambo yakafika mahakamani.

Kule husemwa Kifaransa, na mama hana Kifaransa. Mimi ninacho, cha shule. Asubuhi ile alinifunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akasema, "Mwambie hakimu kaka yako ni mtu mpole. Basi. Usilete mizaha yako."

"Mama, mimi na mizaha?"

"Wewe."

Sikuapishwa, maana umri haujatimia. Hakimu alionekana kachoka; nadhani alikuwa karibu kumwachia. Akaniuliza nyumbani kaka yukoje. Nikasema mpole. Nikageuka kumwangalia mama, nikamkuta anamtazama kaka. Mimi shati limepigwa pasi, Kifaransa kinatiririka, na macho yake yote yako kule.

Hakimu akauliza, kama kwa kutimiza tu, "Hajawahi kumpiga mtu?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Mmoja tu, bwana hakimu, tena kwa maua."

Karani akainua kichwa. Hapo sikushikika. Nikaeleza kwamba kule Nosy Be, kwenye kiwanda cha mafuta ya langilangi, yale maua ya manukato, kaka alimvika mlinzi kapu la maua kichwani mpaka mabegani, akalitwanga kapu ngumi kama ngoma, na mlinzi akanukia kama bibi harusi wiki nzima. Ngumi nilizionyesha. Watu wote wakacheka, hata askari wa mlangoni. Mama naye akatabasamu, na safari hii alinitazama mimi. Hakujua nimesema nini. Alidhani namwokoa "baba" yake.

Sikusema kwamba mlinzi yule kwanza alikuwa amempekua mama mkubwa nguoni, kama mwizi, mbele ya watu. Wala sikusema kwamba jioni ile ile wazee waliwakalisha chini kaka na mlinzi, ikasomwa fatiha, wakala sinia moja. Na kwetu jambo likishasomewa fatiha halitajwi tena, hata kwa utani. Hayo nilikuwa nayajua vizuri sana.

Hakimu hakucheka. Aliandika. Kisha mkalimani, aliyewekwa kwa ajili ya mshtakiwa tu, akaanza kumgeuzia kaka maneno yangu kwa Kimalagasi, polepole, moja moja, na mama akayasikia yote. Niliangalia viatu vyangu.

"Mtu aliyezoea kupiga," alisema hakimu, na wale wachukuzi wawili na maji yao hawakukumbukwa tena. Miezi miwili gerezani.

Askari walipompitisha kaka karibu yangu, alinigusa bega. "Kifaransa chako kizuri, mdogo wangu," akasema. Hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lililonichoma: hata amefungwa pingu, bado ananishinda kwa wema, na mama anaona.

Tulipofika nyumbani mama alichagua mchele, akauosha, akainjika chungu. Nilikaa mlangoni nikingoja kofi, maana kofi lingekwisha. Halikuja. Akasema, bila kugeuka:

"Kesho kabla ya shule utampelekea wali gerezani, na keshokutwa, mpaka atoke. Askari wa mlangoni akikuuliza wewe ni nani wake, mjibu kwa Kifaransa chako, naye acheke."